Jina la Mama Esta

Mimi, Jerotich, ni nesi mkali na sisifu watu ovyo. Lakini Domina, Mhaya wa Bukoba ninayehudumia naye wazee hapa Beltsville, Marekani, nimemvulia kofia.

Mzee Barnaba aliletwa kwetu kiharusi kikiwa kimemfutia Kiingereza chote. Kilichobaki ni lugha ya utotoni, ya visiwa vya Nikobari, mbali mashariki mwa India. Watu wa huko ni wachache, tena wana lugha kadhaa, na jengo zima hakuna mfanyakazi aliyejua hata moja. Sisi wengine tulimwonyesha vitu kwa vidole basi. Domina aliinua kikombe, mzee akataja. Akashika mto, akataja. Yote akayaandika kwenye daftari kwa tahajia ya Kiswahili. Baada ya mwezi mzee alikuwa akimcheka matamshi, na mimi kwa kweli nilimwonea wivu.

Mkewe alikuja kila siku. Bintiye, Esta, anafanya kazi Arlington, kwa hiyo sisi tulimwita mama huyo Mama Esta, kama kwetu, na hakuna aliyefikiria kuuliza jina lake.

Februari Mama Esta akafariki. Mzee alirudi kutoka mazikoni akagoma kunywa. Domina alimpelekea maji, akalitaja neno la maji kwa upole, na mzee akageukia ukutani. Siku ya pili midomo ilianza kupasuka. Esta alilia kwenye simu, akiamini baba anataka kumfuata mama.

"Domina, wachana na yeye," nilisema. "Kesho anapelekwa hospitali, anawekewa drip."

"Dada, mbona supu kameza vijiko vitatu? Nilikuwa sijasema kitu. Anageuka nikitaja maji tu, tena tangu mazishi, na jina la marehemu hatukuwahi kuliuliza."

Akampigia Esta. "Samahani dada, marehemu mama alikuwa anaitwa nani?"

Esta alikataa. "Sitamki. Kwetu marehemu hatajwi jina. Nitakuandikia."

Ujumbe ulipoingia, Domina alifungua daftari akanionyesha. Jina la Mama Esta lilikuwa lile lile neno la maji. Siku mbili alikuwa akimsogezea mzee kikombe huku akimtajia mkewe aliyezikwa.

"Nimemtonesha kidonda kila saa," alisema, akaketi kitandani.

Esta alieleza kwamba kwa desturi ya zamani, jina la marehemu likiwa pia neno la kawaida, neno hilo nalo huwekwa kando na watu hutafuta lingine. Lingine lipi, hakujua. Lugha ya babake aliielewa, ila maisha yake yote alimjibu kwa Kiingereza.

Domina alilikata neno kwa kalamu mpaka likapotea, kisha akachukua kikombe na kujaribu Kiswahili.

"Maji," alisema.

Mzee alimtazama sana. Alikunywa chote, akarudisha kikombe mkononi mwake. "Maji," alisema. Nikajifanya narekebisha pazia, maana nilikuwa nalia.

Jioni Esta aliingia na koti lake la ofisini, hajui lolote juu ya neno jipya. Babake alimwonyesha jagi.

"Maji."

Esta alisimama kidogo, akitafuta neno hilo kichwani. Halikuwemo. Alimimina taratibu, akamshikia kikombe.

"Maji, baba," akamjibu.