Mzee wa Maneno Yanayoishia na "Tion"

Jumatatu asubuhi binti yake alinipigia simu kuniambia kwamba mzee amefariki nyumbani kwake Igawa. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa karani mstaafu wa shule aliyejipatia kazi ya kuwaandikia watu barua za maombi, akikaa kwenye benchi la duka la kutoa kopi kando ya barabara kuu. Mtaji wake ulikuwa daftari la maneno ya Kiingereza. Si maneno yoyote tu: neno liwe na herufi zisizopungua kumi na mbili, na liishie na t, i, o, n. Mbele ya kila neno aliandika maana yake kwa Kiswahili. "Procrastination", kuahirisha kazi kila siku. "Marginalization", kusukumwa pembeni. "Prevarication", kuzungukazunguka ili usiseme kweli. Neno fupi kama "action" hakulipa nafasi. Alisema ofisini halina matumizi.

Nilimfahamu kupitia mama mmoja muuza wali, ambaye mimi hula kwake kila nikitoka Mbeya kwenda Iringa. Mama huyu alikuwa ameomba nafasi katika soko jipya. Aliandika barua tatu kwa mkono wake, kwa Kiswahili safi, akieleza kwamba ana watoto, ana masufuria na hana mahali pa kuweka jiko. Kila mara aliambiwa ombi lake linafanyiwa kazi. Mzee akamwandikia ya nne, ukurasa mmoja wenye "tion" tisa, na siku ya kuipeleka nilifuatana nao kwa udadisi wangu wa mwandishi wa gazeti. Ofisa aliisoma, akasimama, akamwita mwenzake. Wakaisoma pamoja, wakatazamana kama watu waliosikia mlango ukigongwa na wote wanaogopa kufungua. Hakuna aliyeuliza neno lolote maana yake, na wangeulizaje, wasomi wale?

"Mama, suala lako tumelipokea kwa uzito wake," ofisa akasema.

"Kwani barua imesemaje, baba?" mama akauliza, maana hata yeye hakujua.

"Imesema mambo mazito."

Wiki ile ile alipewa meza. Njaa ya mama yule ilipoandikwa kwa Kiswahili ilikuwa kelele. Ilipovaa suti ikawa ajenda. Nilicheka njia nzima hadi Makambako, na nikaandika safu kuwasuta maofisa wetu, watu wazima wanaoona afadhali kugawa meza ya soko kuliko kukiri kwamba hawajaelewa. Ilikuwa safu nzuri. Wasomaji wengi walinipongeza, na mimi nikajiona mtu wa aina nyingine kabisa.

Mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua, nilimkuta mzee kwenye benchi lake, miguu imevimba hadi viatu havimwingii, amevaa ndala. Alikuwa ametoka hospitali. Daktari, kijana mpole, alikuwa amemweleza ugonjwa wake kwa Kiingereza, pengine kwa heshima, kwa kuwa mzee alianza yeye kumsalimu kwa lugha hiyo. Mzee akanifungulia daftari kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu Chunya. Neno jipya: "decompensation".

"Herufi kumi na nne," akaniambia. "Compensation ni fidia. Basi hii ni kunyimwa fidia. Nimeandika barua za watu miaka yote, na leo hospitali wananiambia na mimi sina changu."

"Ulimuuliza daktari?"

"Nimuulize maana ya neno? Mimi?"

Tukacheka. Kisha akanitazama, akauliza taratibu, "Au wewe unalijua vingine?"

Hapo ndipo ninapotaka kurudi kila siku tangu Jumatatu. Sikulijua. Simu ilikuwa mfukoni, ningeweza kulitafuta. Lakini mimi ni mwandishi wa safu, mtu anayelipwa kwa kujua mambo, nikaitikia kwa kichwa na kusema, "Ndiyo hivyo hivyo, mzee." Akafunga daftari. Mama akatuletea wali na maharage, na mzee akaomba chumvi ya kuongeza.

Tulimzika kwao, kijijini nje ya Iringa. Baada ya ibada muuguzi mmoja wa ukoo alituambia maana ya neno lile: moyo umechoka, na sasa hauwezi tena kuuficha uchovu wake. Mtu wa hivyo hupunguza chumvi, humeza dawa kila siku na hurudi kliniki mapema. Mzee hakurudi. Binti yake aliuliza, "Hilo tu? Si lingesemwa hivyo?" Sikumwambia kwamba baba yake aliniuliza mimi. Ninamwambia leo, kwa njia hii ya woga, mbele yenu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi tumekariri hivyo tangu darasa la kwanza bila kuthubutu kuuliza. Tunatia saini mikataba, tunameza vidonge, tunapiga makofi mikutanoni, kisha tunarudi nyumbani na heshima zetu. Nawasihi, mkikaa mbele ya daktari au wakili, semeni, "Sijaelewa, niambie kwa Kiswahili." Na mkiulizwa neno msilolijua, semeni hamlijui. Maofisa wale niliowasuta, woga wao ulimpa mama meza. Wangu ulimpa rafiki yangu chumvi.