Vibanio vya Jumatatu

Bibi wa ghorofa ya juu hakuvaa saa. Zamani, muziki wa mashine za umeme ulipokuwa bado kichekesho mjini Utrecht, aliutunga kwa kukata kanda za sauti kwa wembe: sentimita thelathini na nane, sekunde moja. Hesabu hiyo haikumtoka. Wietske, jirani wa ghorofa ya chini, akiuliza kahawa itakuwa tayari lini, hujibiwa, "Bado mita arobaini, mwanangu." Vipande vya kanda alivianika uani kwa vibanio vya nguo, visichanganyikane, na majirani wakamwona amerukwa na akili.

Jumatatu moja watu wa makumbusho walikuja kuichukua mashine yake ya kanda. Wietske alimfuata bibi uani na leso mfukoni, akitarajia kilio. Akamkuta anaanika soksi, moja kila shubiri mbili, kama sentimita thelathini na nane.

"Sasa wamekuachia nini?"

"Vibanio."

Wietske naye akaanika soksi yake. Bibi akakunja uso.

"Hiyo imewahi."

"Imewahi wapi, bibi? Soksi hiyo."

"Isogeze."

Akaisogeza vidole viwili. Bibi akapita akigonga kila kibanio kwa ukucha, na Wietske, aliyeuita muziki ule makelele miaka yote, akajikuta anatikisa kichwa kwa kufuata mdundo.