Ndara Zetu Zilipocheza Fainali Riyadh

"Rudisha ndara zangu, mchawi wewe!"

Hiyo ni sauti ya Winfred, jirani yangu hapa Kandara, Jeddah. Ijumaa asubuhi, jengo zima tukapanda paani mbio. Mimi wa kwanza, umbea haunipiti.

Watu wangu, ndara zilikuwa zinapotea. Unaziacha mlangoni unalala, ukiamka mafi, hakuna kitu! Wengine walishasema ni majini.

Kumbe ziko paani. Ndara za jengo lote, mistari miwili, zinatazamana. Katikati amechuchumaa Hezekiah, dereva wa lori la maji, anazipiga video huku akizisemesha.

"We Heze, unatuloga?"

"Dada Winnie, tulia. Hiyo yako ya pinki ni beki wangu. Inamkaba huyu."

"Ndara yangu imkabe nani?!"

Tulicheka hadi machozi. Wengine waliposhuka, mimi nikabaki kuchimba.

Kumbe jamaa alikuwa kocha. Si wa soka. Ule mpira wa Kimarekani, wa helmeti na kugongana kama mafahali. Chuo kimoja kidogo huko Riyadh kilimtoa Nairobi, akakuta wanafunzi hawajui hata kushika ule mpira wa umbo la yai. Akawafinyanga mpaka wakaanza kuogopwa.

Hapo ndipo chuo kikaleta kocha kutoka Marekani. Hezekiah akaambiwa halas, kazi imekwisha. Akapata kafili mwingine huku Jeddah, mwajiri wa kumdhamini kibali, akaishia kwa usukani wa lori.

"Sasa ndara ni za nini?" nikamuuliza.

"Ndara inaonyesha mguu unaelekea wapi. Huu mchezo ukikosea mguu, umekwisha. Nampangia kapteni wangu, Rakan, namtumia video, wanafanya hivyo hivyo. Fainali ni leo. Ameapa wakishinda atanitaja mbele ya mkuu wa chuo. Wanirudishe."

Jioni nyumba yangu ilifurika. Simu tuliiegemeza kwa sufuria, mechi iko laivu. Winfred ndiye alikuwa anapiga kelele kuliko wote.

"Huyo beki ni ndara yangu! Mkabe, pinki, mkabe!"

Mbinu ya mwisho ilienda vile vile tulivyoiona paani. Mguu kwa mguu. Wakashinda! Tukarukiana shingoni hadi jirani wa chini akagonga dari.

Rakan akapewa maiki. Hezekiah alikuwa amesimama, anafunga vifungo vya shati, utadhani ataitwa jukwaani.

Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini hiyo nilielewa.

"Ushindi huu ni wa kocha wetu mpya. Ile mbinu ya mwisho aliibuni yeye."

Sote tukamgeukia Hezekiah.

"Ule mguu wa kushoto ameuweka vizuri," Hezekiah akasema. Basi.

Kisha ujumbe ukaingia kwa simu yake. Akausoma, akanipa. Rakan: "Samahani kocha, mkuu alikuwa amesimama hapo nyuma yangu. Msimu ujao utatupangia tena?"

Nilitaka kuivunja hiyo simu. Yeye aliichukua polepole, akaandika: "Sawa, mwanangu."

Akatoka.

Wewe unayesoma hii, kama kuna mtu alikufikisha hapo ulipo, mtaje angali anasikiliza. Ukisubiri mkubwa aondoke nyuma yako, utamtaja kwa nani?

Winfred alimkimbilia kwenye ngazi. Sijawahi kumsikia akiongea chini vile.

"Kocha, unaenda wapi na njaa? Pilau imeiva. Rudi ndani ule na sisi."