Tone Kwenye Ncha ya Kitambaa

Harufu ya kitambaa cha pamba kilichochemshwa hunirudisha Kinyangiri, chumbani kwa mama, mwaka ule wa mvua nyingi nilipokuwa na miaka minane.

Mdogo wangu Neema alizaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa mdogo mno. Nilimwambia baba kwamba hata vifaranga vyetu vina sauti kubwa kuliko yake. Kunyonya hakuweza, alichoka akasinzia. Mto ulikuwa umefurika na gari la hospitali lisingeweza kuvuka. Muuguzi wa zahanati alisema mtoto akae kifuani kwa mama, mama akamue maziwa, apewe kidogo kidogo. Tulipojaribu kijiko, akapaliwa.

Ndipo Bibi, mama yake baba, akachana kipande cha shuka jeupe, akakichemsha, akakisokota kama utambi wa taa. Ncha moja akaichovya kwenye kikombe cha maziwa, nyingine akaining'iniza nje. Kisha akaniita mimi nishike kikombe, akanionya nisikitikise.

Maziwa yalipanda kitambaa taratibu, yakavuka ukingo, yakashuka upande wa pili. Kwenye ncha tone lilijikusanya, likavimba, likaning'inia bila kudondoka. Bibi alipolisogeza hadi likagusa mdomo wa Neema, likaingia lote. Akameza.

Nikauliza, "Bibi, nani anayavuta?"

"Njaa ya mdogo wako," akajibu, bila kucheka.

Nilimwamini. Kwa siku tisa nilishika kikombe kile hadi mkono ukafa ganzi, nikijiona mtu mkubwa, nikiwafukuza hata kuku wasipite mlangoni. Siku ya kumi Neema alinyonya mwenyewe, na mama akalia kwa sauti.

Sekondari, mwalimu alituonyesha maji yakipanda ndani ya mrija mwembamba wa kioo. Alieleza kwamba maji hung'ang'ania kioo, na pia hushikana yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana tone hujikunja likaning'inia. Nikanyoosha mkono nikasimulia habari za njaa ya Neema. Darasa zima lilicheka.

Mwaka jana, tukichambua mboga nyumbani kwa Neema huko Mandewa, nilimuuliza mama kwa nini kazi ile nilipewa mimi wakati watu wazima walijaa nyumbani. Akaniambia kwamba baba alishindwa, mikono ilimtetemeka. Shangazi naye alishindwa. Hata Bibi, kikombe kilimcheza mkononi.

Wote walijua mtoto anaweza kufa. Mimi peke yangu sikujua, na mkono wangu ulikuwa umetulia.