Nusu na Kabati la Chuma

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na Nusu alikuwa akicheka kila alipousikia msemo huo. "Hao wahenga hawakuwa na mikono," alikuwa akisema, kisha anakunjua viganja vyake vilivyojaa makovu ya cheche, kama mtu anayetoa ushahidi.

Alikuwa mchomeleaji. Mageti, madirisha ya nondo, matangi ya maji. Chuma kikishapita mikononi mwake hakikurudi na malalamiko. Lakini jina la Nusu halikutoka kazini, wala hakupewa na mama yake. Lilitoka kwenye meza ya kukatia nguo ya fundi cherehani, ambako kila Jumapili mchana watu wazima watatu, wenye akili zao timamu, walikaa kurusha kete na kupigana na majoka yasiyokuwepo.

Mwenye mchezo alikuwa fundi cherehani mwenyewe. Yeye ndiye aliyesimulia: mmeingia pangoni, maji yanadondoka, kuna kitu kinapumua gizani, mnafanyaje? Wenzake wanajibu, kete yenye pande ishirini inarushwa, na kete ndiyo inayoamua kama upanga umepiga nyama au umepiga mwamba. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hadithi, na kila mtu ana fani yake. Mwenzao wa tatu, kinyozi, alichagua uganga: mtu wake hakuwa na nguvu ya kuchinja hata kuku, lakini alijua maneno ya kuponya na ya kuwasha moto. Nusu alitakiwa awe mpiganaji, amkinge mganga. Jambo rahisi kabisa. Akalikataa.

"Mimi nataka vyote viwili," alisema siku ya kwanza. "Upanga mkono huu, uganga mkono huu."

Fundi akamweleza sheria polepole, kama anavyowaeleza wateja kwamba kitambaa hakitoshi. Kuchanganya kunaruhusiwa, lakini kila akipanda daraja lazima achague kipi kipande, upanga au uganga, kwa hiyo atakuwa nyuma ya wenzake katika yote mawili. Halafu kuna ile sheria kubwa: uganga hautoki ndani ya chuma. Aliyevaa deraya, lile vazi la chuma la vita, hawezi kutamka hata neno moja la kuponya mpaka aivue, na kuivua kunakula zamu nzima, adui akiwa amesimama mbele yake.

"Kwa hiyo utakuwa nusu mpiganaji, nusu mganga," alisema kinyozi. "Na mganga mzima niko hapa, nimekaa, nakutazama."

"Wewe kete zako zina mkosi. Siwezi kuweka roho yangu mikononi mwako."

Jina likamganda palepale, na kufikia katikati ya wiki hata karakanani walikuwa wanamwita hivyo.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yaleyale. Aliishi vyumba viwili na mama yake, mgonjwa wa pumu tangu ujana wake. Dada zake walikuwa wameolewa mbali, na salamu zao zilikuja kwa simu. Asubuhi Nusu alipika uji, akafua, akamkanda mama miguu. Kisha akaenda kuchomelea. Jioni akarudi kupika tena. "Nilizaa mtoto wa kiume na binti kwa mkupuo mmoja," mama alikuwa akiwaambia watu, na Nusu alijifanya hakusikia huku masikio yakimcheza kwa furaha. Watu wakimpa pole alijibu ng'ombe haelemewi na nunduye. Jibu zuri hilo, ila lilikuwa linawafukuza wote waliotaka kumsaidia.

Hospitali walikuwa wamempa mama mashine ya mvuke. Unamimina dawa kwenye kikombe chake, unamfunika mgonjwa pua na mdomo, unabonyeza kitufe, na dawa inaingia kifuani kama ukungu. Pumu ilipenda kuja alfajiri au jioni, Nusu akiwepo. Ikija mchana, jirani alimpigia simu naye akaja mbio, maana karakana ilikuwa mtaa wa pili.

Jirani mwenyewe ni mama mmoja aliyefulia watu nguo kwa ujira, mtaa mzima ukimwita Mama Dobi. Ukuta mmoja ndio uliowatenganisha. Akikohoa mama yake Nusu, Mama Dobi ndiye wa kwanza kusikia.

Sasa kulikuwa na Jumapili moja, na Jumapili hiyo ndiyo iliyomponza. Mganga wa kinyozi aliangushwa na joka, damu zinamtoka, roho iko mlangoni. Nusu akatangaza anavua deraya. Joka likampiga zamu nzima akiwa hana kitu mwilini. Hakufa, uhai umembaki kidogo tu. Zamu iliyofuata akamponya mwenzake. Iliyofuata tena akashika upanga, akarusha kete, ikasimama kwenye ishirini. Joka chini. Fundi alipiga meza mpaka vifungo vikamwagika. "Nani alisema nusu?" Nusu alipiga kelele. "Nani?" Alirudi nyumbani kifua mbele, mtu aliyethibitishiwa jambo.

Wiki hiyohiyo Mama Dobi alimsimamisha mlangoni, mikono yake imejaa povu.

"Mwanangu, nionyeshe ile mashine ya mama. Siku utakayochelewa itakuwaje?"

"Sichelewi, Mama Dobi."

"Najua huchelewi. Nionyeshe tu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Nitamudu mwenyewe. Usijali."

Hakuwa mtu mbaya. Namsema kwa hasira kwa sababu nampenda. Aliogopa, basi: aliogopa dawa kuzidishwa, maana mama mwenyewe aliwahi kujizidishia mpaka moyo ukamwenda mbio, na aliogopa wezi, waliokwisha kuvunja dirisha mara moja wakaondoka na redio. Akaona dawa ya hofu zote ni moja. Akachukua mabaki ya bamba la geti la ghala, bamba nene, akatengeneza kabati. Bawaba akazificha kwa ndani. Mishono ya kuchomelea ilikuwa safi, ukipitisha kidole hukwaruziki. Akaweka mashine na dawa humo, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni. Mama alilisifia kabati lile. Hata Mama Dobi alilisifia, akitikisa kichwa.

Siku yenyewe Nusu alikuwa ndani ya tangi la maji, amechuchumaa, barakoa ya chuma usoni, glavu mpaka viwikoni, aproni ya ngozi imefungwa mgongoni. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa suruali, chini ya ngozi yote ile. Aliisikia pajani. Lakini alikuwa katikati ya mshono, na mshono wa tangi ukikatizwa huvuja. Akasema moyoni, namaliza huu. Simu ikanyamaza. Ikatetemeka tena, naye akawa amebakiza pembe. Ilipoanza mara ya tatu ndipo alipozima moto, akainua barakoa, akavua glavu moja, ya pili, akahangaika na fundo la aproni kwa vidole vilivyokufa ganzi, hatimaye akaipokea.

"Mwanangu, mama kabanwa! Ufunguo uko wapi?"

Akajishika shingoni.

"Vunja kabati, Mama Dobi! Livunje!"

"Nalivunja na nini?"

Yeye ndiye aliyejua, zaidi ya mtu yeyote duniani, kwamba bamba lile halivunjiki. Alitoka ndani ya tangi akakimbia.

Alimkuta Mama Dobi sakafuni, kichwa cha mama yake kimelala mapajani mwake. Mchi wa kinu ulikuwa pembeni, umepasuka. Rangi ya kabati ilikuwa imebanduka hapa na pale. Bamba halikubonyea hata kidogo. Nusu alifungua. Ufunguo uliingia vizuri, mlango ukazunguka bila mlio, kazi ya fundi. Akamimina dawa, akamfunika mama yake pua na mdomo, akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma na ukungu ukatoka, ukaelea juu ya uso usiovuta kitu. Aliishikilia hivyo mpaka dawa ikaisha, na Mama Dobi ndiye aliyenyoosha mkono akaizima.

Walizika. Dada zake walikuja, wakalia, wakaondoka. Jumapili mbili hakuonekana kwa fundi. Ya tatu akaja, akavuta kiti chake. Wenzake hawakujua pa kuanzia, wakaanza na mchezo.

"Mtu wako amepanda daraja," alisema fundi. "Upanga au uganga? Ukichukua uganga sasa, unapata lile neno kubwa la kuponya. Ndilo ulilokuwa unalisubiri."

"Upanga."

"Una hakika?"

"Kuponya kuna mwenyewe," alisema Nusu, akamwonyesha kinyozi kwa kidevu.

Kinyozi, ambaye siku nyingine angetoa maneno ya mwaka mzima, aliinamia kete zake. Mchana huo mtu wa Nusu alijeruhiwa vibaya juu ya daraja la mto, na mganga wa kinyozi akamponya kwa zamu moja, deraya ikiwa mwilini mwa majeruhi, bila yeye kuvua hata kifungo. "Ahsante," alisema Nusu. Fundi akainuka kwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jioni hiyo Mama Dobi alibisha hodi. Alisimama mlangoni akikausha mikono kwenye kanga.

"Naona haya kukuomba, mwanangu. Binti yangu mdogo kifua kinambana siku hizi. Hospitali wamesema atahitaji mashine kama ile."

Nusu aliingia ndani akaitoa. Kabati lilikuwa wazi. Tangu siku ile hakulifunga tena. Akaiweka mezani baina yao.

"Dawa unamimina hapa, mpaka kwenye huu mstari," alisema. "Hii unamfunika. Halafu unabonyeza."

Alibonyeza, kikombe kikiwa kitupu, mashine ikanguruma. Mama Dobi aliitazama, akasubiri aendelee.

"Hivyo tu?" aliuliza Mama Dobi. Aliuliza tu, hakumaanisha kitu kingine.

"Hivyo tu, mama," alisema Nusu, na mkono wake haukutaka kuizima.