Picha na Fanueli Shemhilu, Tanga

Mume wangu Fanueli ni fundi mafriji, tena fundi mzuri, lakini ukimwita fundi anaitika nusu nusu. Anachotaka kuitwa ni mpiga picha. Kamera yake aliinunua kwa Mzungu mmoja kule Ushongo aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao, na tangu hapo nyumba yetu ya Nguvumali haijapumua. Nikianika nguo, anapiga. Nikipaa samaki, anapiga. Hata mama yake alipokuja kutoka Bumbuli jino linamuuma, alipigwa kwanza ndipo akapewa maji ya chumvi.

Picha zote anazirusha Instagramu, na huko ndiko wenye kampuni walikomwona. Wanaandika kwa adabu nyingi: kaka, picha kali sana, tunaomba ruhusa tuitumie, jina lako tutaliweka. Naye kabla hajamaliza kusoma ameshajibu neno lake moja, "Ruksa." Hoteli moja ya Pangani ilichukua picha ya mikoko. Wauza maji wakachukua ya mtungi wangu. Kila mara alikuja mbio kunionesha zile herufi ndogo pembeni: Picha na Fanueli Shemhilu, Tanga. Nikamwuliza, Baba Blessing, hilo jina tunalisonga au tunalikaanga? Akasema mimi sielewi sanaa. Ni kweli sielewi. Nilichokuwa naona ni mume wangu anachukuliwa vitu vyake na yeye ndiye anayesema asante.

Sasa Bibiana. Huyu alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani, anakaanga maandazi na kusukuma chapati za kuuza. Alikuja Tanga hana ndugu, hana hata sufuria, na majirani walidhani anaringa kwa sababu hatoki nje ya geti bila sababu. Mimi ndiye niliyejua. Alikuwa amemkimbia mume wake, Methusela, huko Kahama. Alishamkimbia mara moja kabla ya hapo, akafika Dodoma, yule mtu akamfuata na kumvunja mkono mbele ya watu, akawaambia waondoke, ni mambo ya mke na mume. Kisha akamwahidi kwamba akikimbia tena hataishia kwenye mkono. Bibiana alinieleza hayo akikanda unga, bila kuinua macho, akaniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Asubuhi moja Fanueli akamkuta anachekecha unga mbele ya ukuta wetu wa buluu, jua linampiga usoni, na kuna upuuzi niliokuwa nimeusema ukamchekesha. Akapiga. Bibiana alikubali kwa sababu alitaka kopi ya kumpelekea mama yake, na kopi alipewa. Hakuambiwa kwamba picha imekwenda na kwingine. Hakuambiwa kwamba kampuni ya unga kutoka Dar es Salaam imeiomba, wala kwamba imejibiwa. Uso ulikuwa wake, ruksa ikatoka kwa Fanueli.

Mimi nilijua siku nilipokwenda dukani kwa Mzee Jaffer. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akanielekeza kwa kidevu kwenye mzigo uliokuwa umeshushwa muda huo.

"Mama Blessing, huyu si mpangaji wako?"

Alikuwa Bibiana, juu ya kila mfuko, amepangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, anacheka. Chini yake jina la mume wangu na jina la mji wetu. Niliogopa, na sina neno la kupunguza hapo. Nilisahau nilichofuata, nikaanza kuigeuza ile mifuko, mmoja mmoja, uso uangalie ukutani. Mzee Jaffer alinitazama, pengine akidhani nimerukwa na akili, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna mtu anamtafuta?"

Nikasema yupo.

Akatoka nyuma ya kaunta na mgongo wake mbovu, tukaigeuza pamoja. "Hapa kwangu itakaa hivi," alisema. "Lakini mzigo huu, mama, umekwenda mpaka Mwanza." Na Kahama iko upande huo huo.

Nyumbani nilimkuta Fanueli amelaza friji la mtu chini, bisibisi sikioni, anasoma pongezi kwenye simu. Maneno ya kumfokea nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nilipomweleza Methusela ni nani, alibadilika rangi nikayameza yote. Alipiga simu kampuni palepale. Akapokea binti mwenye sauti tamu, akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, kisha akamkumbusha kwamba ruksa aliiandika mwenyewe na wanayo. Mifuko ilishasambaa mikoani. Itakayochapwa baadaye, wangeweza kuondoa jina lake akitaka.

"Jina acheni," Fanueli alisema. "Ondoeni sura yake."

"Kaka, sura ndiyo inayouza," akajibu yule binti, wala hakuwa na ubaya.

Tulimwita Bibiana sebuleni, nikampa mfuko. Hakulia wala hakututukana, na afadhali angetutukana. Alipitisha kidole kwenye zile herufi ndogo. "Hapa ilikuwa lazima waandike na Tanga?"

Fanueli akasema aliomba mwenyewe, kwa sababu akina Shemhilu wako wengi. Aliisema hiyo akiangalia miguu yake. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga, vyote kwa wakati mmoja.

Hatujainuka, simu ya Fanueli ikaita. Namba ngeni. Namba yake iko wazi kwenye ukurasa wake, kwa ajili ya wateja wa mafriji. Akaweka spika, kama anavyofanya siku zote mikono ikiwa na grisi.

"Habari za Tanga, kaka." Sauti ya mwanaume, laini, ya mtu asiye na haraka. "Wewe ndiye Fanueli, mpiga picha?"

Bibiana alishuka kutoka kwenye kochi mpaka sakafuni, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hapo hakuna aliyehitaji kutuambia ni nani.

Mume wangu amesubiri miaka mingi mtu asiyemjua ampigie amwulize swali hilo. Namjua, angeweza kulia kwa furaha.

"Mimi fundi mafriji," akasema.

"Ile picha ya unga ina jina lako. Umeipiga vizuri mno. Mke wangu nilikuwa sijamwona anacheka namna ile."

"Sikuipiga mimi. Niliikuta mtandaoni, nikawapa kampuni kama yangu. Mimi mwizi tu, kaka."

Yule mtu alicheka kidogo. "Mwizi. Sasa mbona ukuta ni ule ule wa buluu uliompigia mama yako mzazi? Nimezipitia zote. Umeandika mpaka Nguvumali. Geti lako nimeliona, na namba ya nyumba inasomeka." Tukasikia anakunywa kitu, anaweka glasi chini. "Nitafika tuongee. Usihangaike kunielekeza."

Fanueli alifuta ukurasa mzima, picha zote, pamoja na zile za Blessing alipokuwa mchanga. Haikusaidia, mtu alishaona alichotaka kuona. Polisi tuliripoti, wakaandika maelezo. Bibiana hakusubiri. Mzee Jaffer alimwomba mpwa wake Juzer ampakie kwenye gari la mzigo, naye Bibiana akajifunika mtandio usoni kuliko mwanamke yeyote wa mtaa huu, yeye Mkatoliki. Alikokwenda sisemi, hata hapa. Ni mbali, ni padogo, na tulipachagua kwa kuwa hakuna aliyemjua kule.

Sisi tulibaki na geti letu. Fanueli aliupaka ukuta chokaa, kamera akaifungia kabatini. Pikipiki ikipunguza mwendo hapo nje tunanyamaza wote wawili, kijiko mkononi, mpaka ipite. Methusela hajafika bado. Nikienda kulala najiambia labda amekata tamaa, na sijiamini.

Jana Bibiana alinipigia kwa namba mpya. Niliposikia sauti yake nilikaa chini kwa shukrani.

"Nimefika salama, Mama Blessing. Nimepata na chumba."

"Ashukuriwe Mungu. Hakuna anayekufahamu huko?"

"Niliingia dukani kununua sabuni," alisema. "Muuzaji akanitazama, akatazama rafu ya unga, akawaita wenzake. Wakafurahi kweli. Wakanizunguka wakapiga picha na mimi. Niliwaomba wasipige, wakadhani naona haya." Nilimsikia akivuta pumzi. "Wamesharusha, dada. Wameandika mpaka jina la duka."