Komeo la Darubini

Kongoni mkubwa kuliko wote waliowahi kuangushwa na shemeji yangu aliliwa akaisha, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeonja hata kipande. Walimla wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wamepiga kambi nyuma ya Saadani. Asubuhi yake walimtuma mkubwa wao aje kushukuru, na kuuliza, kwa adabu, bwana atapiga tena lini.

Shemeji huyu, mume wa dada yangu, alikuwa mwindaji tangu ujana wake. Siku binti yao alipoposwa, alisimama mbele ya wazee wa upande wa pili akasema kitoweo cha harusi hakitatoka sokoni; kitatoka porini, kwa mkono wake mwenyewe. Wazee walifurahi. Dada yangu, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, hakufurahi, kwa sababu alijua habari ya macho.

Vitu vya mbali vilikuwa vimeanza kumchanganyikia shemeji. Cha karibu alikiona vizuri, angeweza kumtoa paka mwiba wa samaki. Lakini ng'ambo ya uwanja hakumjua mtu mpaka mtu aseme. Mtaa wetu wote pale Bagamoyo ulilijua jambo hilo isipokuwa yeye. Watu walizoea kumwamkia kutoka mbali kwa sauti kubwa ili awatambue, naye akasema vijana wa siku hizi wana adabu ila wana kelele.

Tena kuwinda kwetu hakukuwa kupiga tu. Mnyama alipaswa kufikiwa angali hai, achinjwe kwa kisu na kwa jina la Mungu. Akitangulia kufa ni kibudu, haliwi. Kwa hiyo mwindaji wa pwani alinyatia karibu kabisa, akapiga, akamtupia mwenzake bunduki, akakimbia na kisu. Wawindaji wetu walisifiwa miguu kama walivyosifiwa shabaha.

Basi Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao kwa sababu ya homa aliuza vitu vyake, na shemeji akanunua bunduki yake, ile ya kutia risasi nyuma, pamoja na darubini nyembamba ya shaba ya kuwekwa juu ya mtutu. Jioni alikaa barazani akachungulia humo. Akasema, "Kumbe msikiti umepakwa chokaa."

Ulikuwa umepakwa tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Vyuma vya kuishikilia darubini vilikuwa vimepotea, kwa hiyo tulikwenda kwa fundi wa bunduki, Mbulushi mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na forodha. Alitueleza njia tatu. Ya kwanza, kuifunga kwa ngozi mbichi, ambayo ikikauka hubana. Ya pili, kuikaza kwa parafujo isitoke tena. Ya tatu, kulabu mbele na komeo nyuma, ili mtu akitaka aitoe kwa kidole kimoja na kuirudisha vilevile.

"Ngozi ikinyeshewa italegea," nilisema.

"Ikinyesha, bwana atarudi nyumbani kwake," fundi akajibu. "Nani anawinda kwenye mvua?"

Fundi huyu alikuwa na tabia moja: kitu chochote ulichokigusa ndicho kilichokuwa bora dukani mwake. Shemeji aliposhika ngozi, ngozi ilisifiwa. Kisha akashika komeo, akalifungua na kulifunga, akalisogeza karibu na macho.

"Hili komeo la kasha."

"La kasha, naam. Kasha hulinda dhahabu."

"Hulinda nguo za wanawake. Mimi niende porini na komeo la sanduku la nguo? Halafu kitu cha kutoka, siku moja kitatoka chenyewe. Tia parafujo."

"Parafujo ndiyo niliyokuwa nataka kusema," fundi akasema.

Dada alinituma niende naye. Mimi nilikuwa mfanyabiashara wa sandarusi, ile gundi ya miti inayochimbwa ardhini, sikuwa mwindaji. Lakini kuchambua sandarusi kunamfundisha mtu kutazama, na dada alitaka mwenye kutazama. Tulivuka Mto Wami tukafika Saadani, na siku ya kwanza tu tukakuta kongoni karibu kuliko tulivyotarajia, anakula majani nyuma ya kichaka. Shemeji akainua bunduki. Nikangoja mlio. Haukuja.

"Piga," nikanong'ona.

"Nipige nini? Naona ukuta wa rangi ya udongo."

Darubini ilikuwa imemleta mnyama karibu mno, imejaa manyoya matupu. Na kwa kuwa ilikazwa juu ya mtutu, alama ya kulengea ya chini yake haikuonekana. Kongoni akatusikia tukibishana, akaondoka kwa heshima zake.

Kwa hiyo ikabidi apige wa mbali. Kesho yake alimwona mmoja ng'ambo ya mbuga, dume kubwa, akampiga palepale mahali pa kupiga. Sijaona shabaha kama ile. Tukakimbia. Tukatembea. Tukakimbia tena. Nzi walifika kabla yetu. Shemeji alisimama na kisu chake mkononi mbele ya kibudu kizuri kuliko vyote vilivyopata kulala katika mbuga ile, na kutoka nyuma ya miti tukasikia wapagazi wakija wakiimba.

Nyumbani dada alimpokea kwa maji ya kunawa.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

"Umechinja?"

Shemeji akanawa mikono mara ya pili. "Nimelisha watu," akasema.

"Harusi ni ya mwanangu au ya wapagazi?" Habari ilikuwa imetutangulia mjini.

Baadaye dada aliniita pembeni nikamweleza njia zote tatu za fundi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Basi wa mbali amtafute kwa darubini, akishafika karibu ampige kwa macho yake," akasema. "Chuma hicho lazima kitoke."

Kesho yake, kahawa ya shemeji ililetwa kwenye sinia, na kando ya kikombe palikuwa na komeo la shaba. Lilitoka kwenye kasha la dada mwenyewe, lile alilokuja nalo siku ya harusi yake.

"Limefunga tangu uliponioa," dada akamwambia. "Halijatoka lenyewe hata siku moja."

Shemeji alikunywa kahawa yote, akajimiminia tena, kisha akanitazama mimi, kana kwamba nimemtia maneno kinywani dada yangu, mtu ambaye hajawahi kukosa maneno.

"Komeo ndilo nililokuwa nataka kusema tangu mwanzo," fundi akasema tulipomrudia kibandani.

Tulikwenda kulijaribu ufukweni upande wa Kaole, kwa kifuu cha nazi juu ya kijiti. Risasi ya kwanza ilikipasua. Shemeji akaitoa darubini, akairudisha, komeo likalia, akapiga kifuu kingine. Risasi ikapita kando kiasi cha kiganja.

"Kifuu kimesogea," fundi akasema.

"Kifuu hakina miguu," shemeji akajibu.

Fundi akatia kipande cha shaba chembamba kama jani chini ya kulabu, kisha akapunguza kwa tupa, akatia tena. Kufikia alasiri, kila darubini ilipotolewa na kurudishwa, risasi ilipiga palepale. Vifuu vilikwisha, na shemeji alirudi mjini akiwaamkia watu wa mbali kwanza, darubini jichoni.

Harusi ilipokaribia tulirudi Saadani. Alimwona kongoni kwa mbali, akanionyesha, tukanyatia kwa matumbo mpaka nikaona sikio la mnyama likifukuza nzi. Shemeji akaweka kidole juu ya komeo.

Sasa, komeo la kasha limetengenezwa makusudi lilie, ili mwenye kasha asikie likiguswa. Fundi hakulifikiria hilo, wala mimi, wala dada. Likalia. Kongoni akainua kichwa na kuruka, naye shemeji, kwa macho yake mwenyewe, akampiga akiwa hewani. Mnyama akaingia kichakani. Bunduki ikaniangukia mikononi, na shemeji akatoweka na kisu.

Nilipofika alikwisha chinja. Damu ilikuwa inatoka, lakini taratibu, bila kuruka. Sikio lilitikisika mara moja, na siku ile palikuwa na upepo.

Tulibanika nyama hukohuko tukaja nayo. Mwalimu wa msikitini aliitwa, kwa sababu dada hakutaka maneno baadaye.

"Alikuwa hai?" mwalimu akauliza.

"Alipepesa jicho," akasema shemeji.

"Jicho umeliona wewe?" dada akauliza kutoka nyuma ya pazia. "Wewe uliyemkaribisha mbuzi barazani juzi?"

"Lilikuwa karibu. La karibu ninaliona."

Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyeweza kulipinga. Mwalimu akanigeukia. Nikasema nilichokiona: damu, sikio, upepo. Akafikiri, akasema mwenye yakini ale, na mwenye shaka aache, kisha akaaga.

Dada akapika vyungu viwili. Katika kimoja aliweka kongoni, katika kingine mbuzi wawili walionunuliwa sokoni asubuhi. Watu wa upande wa pili walikula kongoni, wakamsifu shemeji kwa kutimiza ahadi yake, naye akala mbele yao bila kutetereka. Mimi nilikaa mahali ambapo ningeona mwalimu atakula nini. Sahani yake ililetwa kutoka ndani imefunikwa kawa, naye akaifunua upande wake tu, akala taratibu mpaka mwisho.

Nilimuuliza dada usiku huohuo ni chungu kipi alichompakulia. Nikamuuliza tena miaka mingi baadaye, shemeji alipokuwa amekwisha kufa. Mara zote mbili alinijibu kwamba mwalimu alishiba.